Zawadi, Masharti na Ukuta

Boma la Iringa, jengo la enzi za Wajerumani, lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016 kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Nalitaja mapema kwa sababu tunapolalamika kwamba wafadhili ndio wanaotuamulia tuone nini, mara nyingi tunalalamika tukiwa chini ya paa waliloligharamia.

Lakini lalamiko lina msingi, na msingi wenyewe ni nafasi. Penye vyumba vichache, kila kinachopokelewa kinakiondoa kingine. Tazama Chicago. Mwaka 2015, Stefan Edlis na mkewe Gael Neeson waliyapa makumbusho ya Art Institute kazi zaidi ya 40 za sanaa ya kisasa, zikiwemo za Andy Warhol na Jasper Johns, kwa sharti kwamba zioneshwe kwa miaka 50. Edlis alifariki mwaka 2019. Sharti lingali hai. Makumbusho makubwa kama yale yana kumbi za kulibeba. Sharti la namna hiyo likija Iringa au Mbeya, mtunzaji atakayeajiriwa mwaka 2060 atakuta ukuta umekwisha kugawiwa na watu ambao hakuwahi kuonana nao.

Hata hivyo, huko huko Chicago, mchoro mashuhuri wa Georges Seurat, La Grande Jatte, uliingia mwaka 1926 kama zawadi ya Frederic Clay Bartlett, kumkumbuka mkewe Helen. Mtu mwenye fedha zake na jicho lake anaweza kuthubutu pale ambapo kamati inasitasita.

Na sisi tuna makumbusho ya Kalenga, karibu na Iringa. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilirudishwa mwaka 1954 na Gavana Edward Twining, baada ya yeye mwenyewe kwenda Bremen, Ujerumani, na kulichagua miongoni mwa mafuvu mengi kwa kutumia vipimo. Mtoaji alikuwa serikali ya kikoloni yenye hesabu zake za kisiasa. Nani kati yetu angesema lisipokelewe?

Kwa hiyo siogopi zawadi. Ninachokiogopa ni kile ambacho hakuna anayejitokeza kukitolea. Nyumbani kwetu kuna kikapu cha milulu, aina ya nyasi, kimesukwa kwa kubana hata unga hauvuji, na pale mkono ulipozoea kushika pameng'aa. Vikapu vya aina hiyo vinauzwa mjini kila siku, ndiyo maana hakuna anayeona haraka ya kuvihifadhi. Kikapu kinaliwa na wadudu, kinaharibiwa na unyevu, na ni nadra kumpata mfadhili anayetoa fedha ya kabati, ya dawa, au ya mshahara wa anayeandika nani alikisuka na wapi.

Ningekuwa kwenye bodi ya makumbusho yetu, ningepokea zawadi kwa mikono miwili, ila sharti la kuonesha lisizidi miaka 5, na anayeleta kitu alete pia gharama ya kukitunza. Wapo watakaokasirika na kuondoka na mali yao. Itauma, hasa ikiwa ni kazi nzuri. Lakini ukuta utabaki, na kikapu kitapata pa kukaa.