Fungu la Maskini

Nani aliyeamua kwamba jibini lazima linuke? Aje tuzungumze. Nimetoka kazini, nimesimama kwenye daladala kutoka Posta mpaka Tabata huku mguu mmoja sijui ni wangu au wa abiria mwenzangu, nafungua friji nipate maji ya baridi, na kilichonipokea mle ndani kilinirudisha hatua tatu nyuma. Nikaita watu. Tukavuta friji, tukamulika nyuma yake kwa tochi ya simu, tukimtafuta panya aliyefia huko. Mke wangu akaja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba watoto, hiyo ni Époisses. Usiiguse. Inaiva."

Inaiva! Umeme wenyewe unakuja na kuondoka utakavyo, friji limegeuka kabati la nguo, halafu kitu kinaambiwa kinaiva. Nikaelezwa kuwa hilo ni jibini la heshima kutoka Burgundy, Ufaransa, na kwamba wakati wa kulikuza, ganda lake huoshwa kwa pombe kali ya zabibu. Huoshwa tena na tena, kwa mkono. Sasa mimi, baba wa familia, mtu mwenye kitambulisho cha taifa, naoga nusu ndoo kwa kopo kwa sababu bomba linakohoa tu, na kuna jibini ndani ya nyumba yangu lililokuwa likioga pombe.

Haya yote kayaleta shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayeishi Lyon. Alikuja Desemba kula sikukuu na sisi. Tukafurahi, tukajua mtu katoka Ulaya, begi lile lina viatu. Lilikuwa na ustaarabu.

Mkesha wa Krismasi tulikula gogo. Ni keki, lakini imeviringishwa, ikapakwa chokoleti na kuchorwa magome kwa uma, kwa sababu zamani Wafaransa walikuwa wakiweka gogo la kweli motoni usiku ule. Mama mkwe alipowekewa kipande chake alikitazama sana, akauliza kama mkaa umepanda bei kiasi hicho.

Chaza tulikwenda kuwatafuta Feri. Sitaki kuongelea chaza.

Shampeni nayo ilizua kesi. Mimi najua shampeni, nimehudhuria harusi na sendofu za kutosha nchi hii. Shampeni ni chupa yoyote inayotoa povu na kifuniko kikaruka mpaka kwa kamati. Shemeji akasema hapana, shampeni ni ya mkoa wa Champagne peke yake, na kingine chochote kikijiita hivyo ni kosa kisheria. Nikawaza ma-MC wote ninaowafahamu, na jinsi watakavyojaa mahabusu. Mwisho tukanywa mvinyo wa Dodoma, naye akaunusa kwanza, akauzungusha, akaunusa tena, huku sisi wengine tumeshamaliza.

Na kule kukaa mezani! Saladi inakuja baada ya nyama. Jibini linakuja kabla ya kitu kitamu. Kati ya sahani na sahani kuna mazungumzo. Mkate unawekwa juu ya kitambaa cha meza, bila sahani, lakini ole wako uulaze kifudifudi, ni mkosi, eti hivyo ndivyo waokaji walivyokuwa wakimtengea mnyongaji mkate wake. Nilipolalamika kwamba ugali wangu huwa naumaliza kabla taarifa ya habari haijafika kwenye michezo, nikajibiwa kwamba mlo wa Kifaransa uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010, na ufundi wa ule mkate wao mrefu ukafuata mwaka 2022. Sawa. Kama kula ni urithi, kuna wajomba zangu kwenye misiba wanastahili kujengewa sanamu.

Shemeji aliondoka mara tu baada ya mwaka mpya. Nikashusha pumzi. Sikujua kwamba ameacha mrithi. Dada yake alikuwa ameshaandika kila kitu kwenye daftari la madeni ya duka, na ukurasa unaofuata ulisema: tarehe 6 Januari, galette des rois, keki ya wafalme.

Ninyi mnaijua Januari, sina haja ya kuieleza. Mwezi ambao mtu mzima anahesabu punje za sukari. Ada, sare, daftari kubwa, rimu ya karatasi ambayo shule inaitaka sijui inachapisha Biblia. Na kodi ya nyumba ya miezi sita, ambayo mimi na baba mwenye nyumba tulikuwa kwenye mazungumzo nayo, kwa maana kwamba yeye alikuwa anapiga na mimi sipokei. Ni katika mwezi huo Wafaransa wameona inafaa kupeana ufalme.

Keki yenyewe hutaka unga, siagi, tena siagi, na lozi za kusaga. Unga unakunjwa na siagi, unalazwa kwenye baridi, unatolewa, unakunjwa tena, ili ukiiva uwe tabaka tabaka. Baridi tulikuwa nayo vipande vipande. Bei ya lozi mke wangu aliuliza dukani kwa Mhindi akarudi kimya, tukatumia korosho zilizovunjika. Oveni hatuna. Keki ya wafalme ikaokwa kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, kama mkate wa kumimina, na ilipotoka, nitasema kweli, ilinukia vizuri mpaka nikaanza kuwapenda Wafaransa.

Ndani ya keki hufichwa kitu. Siku hizi ni kisanamu kidogo cha kaure, zamani lilikuwa haragwe kavu. Atakayelipata kwenye kipande chake ndiye mfalme wa siku, anavikwa taji la karatasi. Shemeji alituachia taji na kisanamu. Kisanamu watoto walishakipoteza, tukaweka haragwe. Nikasema jamani, kama haragwe linamfanya mtu mfalme, basi kila aliyesoma bweni nchi hii angekuwa na himaya yake. Mimi nilipata mengi ya kutosha, nilipata na wadudu waliokuwa wakiishi mle ndani, hakuna aliyenipigia magoti.

Utaratibu ni huu. Mtoto mdogo kuliko wote anaingia chini ya meza, asione keki. Mkubwa anashika kipande, anauliza, "Hiki cha nani?" Mtoto anataja jina. Hapo hakuna upendeleo. Meza yetu ya sebuleni ni ya kioo, kwa hiyo mke wangu aliifunika na khanga zake mbili, kitindamimba wetu akasukumwa chini yake na kuanza kulalamika joto. Shemeji alikuwa hewani kutoka Lyon, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, anasimamia. Na hukatwa kipande kimoja cha ziada, fungu la maskini, la mtu yeyote mwenye shida atakayebisha hodi.

"Hiki cha nani?"

"Cha bibi!"

"Hiki?"

"Cha maskini!"

"Hodi wenyewe!"

Ndugu zangu, sauti ile ningeitambua hata nikiwa kaburini. Baba mwenye nyumba. Hakungoja karibu, maana mlango ni wake. Amevaa kanzu yake safi, kitabu cha risiti kwapani. Na mke wangu, mwanamke niliyemwoa kwa ng'ombe wa kweli, badala ya kusema sipo, akampisha kwenye kochi, akamwekea sahani mapajani: "Karibu mzee, fungu lako hili hapa."

"Lipi?"

"La maskini!" sauti ikatoka chini ya meza.

Mzee akatazama meza. Meza ilikuwa inapumua. Khanga moja imeandikwa neno lake pale mbele, sikumbuki lipi, lakini halikusaidia. Akanitazama mimi. Nikatazama keki, nikaongea juu ya mvua. Yeye, kwa kuwa ni mtu wa mjini na harufu ilishamfikia, akachukua kipande, akauma.

Kho!

Kimya. Mzee akatoa kitu mdomoni taratibu, akakiweka kiganjani. Haragwe. Fikiria wewe ndiye yeye. Umefuata kodi kwa mtu asiyepokea simu. Umekuta mishumaa, maana umeme haupo. Umelishwa kitu chenye kitu ndani. Kuna sauti ya mtoto chini ya shuka inayotaja majina ya watu. Kuna mwanamke ndani ya simu. Na kabla hujasema audhubillahi, nyumba nzima inaruka juu na kupiga kelele, "MFALME! MFALME!" na mtu anakuvika kitu kichwani.

Alisimama. Risiti zikaanguka. Akasema kwa sauti ya chini sana, akinitazama usoni, "Bwana mdogo, kama ni mambo hayo, mimi na wewe tutaonana kwa mjumbe."

Ilibidi shemeji aeleze. Akaeleza kutoka Lyon, kwa ufasaha, huku picha ikiganda: ni sikukuu ya wale wafalme waliomfuata mtoto Yesu na zawadi, ni mchezo tu, kule hufanywa hata na wasioingia kanisani. Mzee akasikiliza. Akagusa taji. Akalikagua kwenye kioo cha simu yake. Polepole nikaona kitu kibaya kikitokea: akaanza kulipenda.

"Na mfalme ana haki gani?" akauliza.

Shemeji, badala ya kukata simu, akazitaja. Mfalme anachagua malkia. Mzee akamtazama mama mkwe, mama mkwe akavuta khanga kichwani na kucheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia tangu nimjue. Mfalme akinywa, watu wote hupaza sauti, "Mfalme anakunywa!" Mzee akaomba juisi ya ukwaju. Akaonja. "Mfalme anakunywa!" Akaonja tena, kidogo tu, kwa ncha ya mdomo. "Mfalme anakunywa!" Majirani wakajaa dirishani. Glasi moja ile aliinywa mpaka nikakauka koo mimi. Watoto wangu, niliowalea kwa jasho langu, wakamshangilia kuliko walivyowahi kunishangilia mimi nikirudi na kuku mzima.

Halafu akakohoa, akanyoosha kanzu. "Mfalme anatamka."

Kimya.

"Kuanzia mwezi wa tatu, kodi inaongezeka elfu thelathini kwa mwezi."

"MFALME ANATAMKA!" wakaitikia wanangu. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Wafaransa wenyewe wana akili, sikilizeni. Kila Januari waokaji humpelekea rais wao galette kubwa pale ikulu ya Élysée, na ndani yake hakuna haragwe wala kisanamu. Ndivyo ilivyo tangu enzi za rais Giscard d'Estaing. Nchi ni jamhuri, rais asije akaokota ufalme ndani ya keki. Ni watu hao hao waliomkata kichwa mfalme Louis wa 16, tarehe 21 Januari 1793. Januari, mmeona? Hata mfalme hakuimaliza. Mimi sina mashine ya kukata mtu kichwa, nina mtu sebuleni kwangu mwenye taji langu, anayedai mimi nimlipe kwa kukaa.

Kwa mila, aliyepata haragwe ndiye hununua keki inayofuata. Hilo nililitaja mimi mwenyewe, kwa furaha. Mzee akasema, "Tangu lini mfalme akanunua? Mfalme huletewa." Na kwa kuwa shemeji alishamwambia kuwa kule keki hiyo huliwa Januari nzima, sasa Jumapili jioni anapita. Anakuja na taji. Ameliimarisha kwa gundi.

Elfu thelathini kwa lipi, lakini? Niambieni mnaopanga. Mita ya umeme moja, nyumba nne, na yule wa uani anapika kwa jiko la umeme usiku tukilala. Shimo la choo limejaa tangu mvua za vuli, nikisema anajibu, "Mbona zamani halikuwa linajaa, ninyi mnakula nini?" Dari la chumbani lina ramani ya maji, kila mvua inaongeza mkoa. Tanki alilolifunga akaliita huduma, huduma ya mbu. Halafu mtu huyohuyo anakaa kwenye kochi langu, anamwita mama mkwe "malkia", na malkia anamwekea kipande chenye tabaka nyingi zaidi.

Na bado. Kwenye daftari la madeni kuna ukurasa mwingine, tarehe 2 Februari, siku ya arobaini tangu Krismasi. Siku hiyo Wafaransa hula chapati za maji. Naapa. Chapati za maji hizi hizi tunazowapikia watoto unga ukiwa haba, wao wameziwekea sikukuu. Ila lazima uigeuze kwa kuirusha hewani kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika sarafu ya dhahabu, na ikidondoka kwenye kikaango bila kukunjika basi mwaka mzima hela zitakuwepo. Dhahabu sina, nina shilingi mia tano ya kondakta aliyechelewa kunirudishia chenji. Mke wangu amesema itafaa. Mayai trei nzima ameshaagiza, na sitaki kutaja bei ya mayai hapa kwa sababu nina presha.

Chapati ya kwanza hailiwi. Inafungwa na ile sarafu ndani, inawekwa juu ya kabati mpaka mwaka ujao, ili umaskini usiingie ndani ya nyumba. Nimeuliza kuhusu sisimizi, nikaambiwa nisiwe mshamba. Sawa, nimekubali. Lakini makabati yetu ni yale ya ukutani, yamejengewa na nyumba, na nyumba sote tunajua ni ya nani, sasa nawauliza ninyi mliosoma: huo utajiri utamwendea mpangaji au mwenye kabati?