Ahadi Hairushiwi Sarafu

Wapo watu wanaorusha sarafu ili waamue kama waende kumwona mgonjwa waliyeahidi kumtembelea, au wabaki nyumbani watazame mpira. Sikubaliani nao hata kidogo. Sarafu yenyewe naipenda na huitumia. Ninachopinga ni kuipeleka mahali ambapo haina haki ya kusema.

Tazama walivyoitumia Wilbur na Orville Wright, Wamarekani wawili waliobuni ndege. Tarehe 14 Desemba 1903 ndugu hao walirusha sarafu kuamua nani atangulie kupaa na ndege yao. Wilbur akashinda, lakini ndege ilikaa hewani sekunde chache tu, ikaanguka na kuharibika. Ilipokwisha kutengenezwa ikawa zamu ya Orville, na tarehe 17 akaruka kwa sekunde 12. Wote wawili walikuwa wameitolea jasho ndege ile, wote walikuwa na haki sawa ya kutangulia, na yeyote ambaye angekosa zamu ya kwanza asingekuwa amedhulumiwa. Hapo sarafu ni mwamuzi safi.

Sasa turudi kwa mgonjwa. Yeye hakuwepo uliporusha, wala hakuulizwa anataka upande gani. Amekwisha mwambia muuguzi kwamba leo ana mgeni. Ameomba aegemezwe mto ili akae vizuri, na kila mlango unapofunguliwa anageuza shingo. Ahadi ni deni, na mdaiwa hana ruhusa ya kubahatisha kama atalipa au hatalipa. Kibaya zaidi, usipokwenda unajipatia kisingizio: sarafu ndiyo iliyoamua. Haikuamua lolote. Uliamua wewe, pale ulipokubali kwamba si neno mtu huyo akitupwa, mradi upande fulani uangukie juu.

Lakini wajibu hauna uzito mmoja. Kuna ule ambao hakuna mtu anayekusubiri: kupanga kabati, kufuta picha za zamani kwenye simu, kumalizia ripoti ambayo inatakiwa mwezi ujao. Hapo rusha tu, hasa kama wewe ni mtu usiyejua kupumzika. Nawafahamu watu wa namna hiyo. Kila wakikaa wanakumbuka kazi, na starehe yao husubiri kila kitu kiishe kwanza, yaani haifiki kamwe. Raha jipe mwenyewe, tunaambiana kila siku, ila wapo wasioweza kujipa mpaka wasukumwe.

Mchumi Steven Levitt aliwahi kulipima jambo linalokaribiana na hili. Mwaka 2013 alifungua tovuti ya kuwarushia sarafu watu waliokwama kwenye uamuzi, na zilirushwa zaidi ya 20,000. Walioangukiwa na upande wa kubadilisha mambo walielekea zaidi kubadilisha kweli, na miezi sita baadaye walikuwa na furaha zaidi kuliko walioambiwa wabaki walivyo. Mimi hapo naona jinsi mazoea yanavyotubana, yakiwemo mazoea mazuri ya kuwajibika.

Ila ukirusha, tii. Anayesema "basi turudie" hatafuti bahati, amekwisha chagua na anataka shahidi tu. Na kama kuna mtu anakusubiri na moyo wako uko kwenye mpira, mpigie simu, mwambie ukweli, muulize kama mnaweza kusogeza siku. Wengi hukubali. Akikataa, nenda.