Kuku wa kienyeji tunamlipia, mbegu ya kienyeji tunaitupa

Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni Buhongwa, navutana bei na mama muuza kuku. "Kaka, huyo kienyeji, siyo broila. Hebu mshike miguu." Nikamshika. Miguu mikavu, migumu, yenye magamba, miguu ya kuku aliyejitafutia riziki. Nikalipa alichotaja na wala sikujiona nimeibiwa. Mwanza nzima inajua kwamba kwa kuku, neno "kienyeji" linapandisha bei. Kwa mbegu, neno hilohilo ni la aibu. Ukisema unapanda mbegu ya kienyeji, watu wanakuona hujaamka.

Kilichonifanya niandike leo ni mmea wa mbali. Morocco nako watu wana maneno mawili ya sokoni: beldi na roumi. Kuku beldi ni huyu wetu wa kienyeji, na roumi ni wa kisasa. Sasa kwenye milima ya Rif, kaskazini mwa nchi ile, kuna bangi inayoitwa beldia. Maana yake ni hiyohiyo: ya kienyeji.

Najua huku kanda ya ziwa ukitaja bangi akili za watu zinakimbilia Tarime na magunia yanayoteketezwa. Sheria yetu inaikataza, mimi siitumii, na siandiki kuipigia debe. Naomba tuweke moshi kando, tuutazame mmea wenyewe kwa jicho la mkulima.

Beldia ni mmea mfupi, mwembamba, wenye matawi machache. Unamwagwa shambani mwishoni mwa baridi, unanyweshwa na mvua ya masika ya kule, kisha unakomaa kiangazi mvua ikiwa imeshakatika. Hauhitaji bomba wala pampu. Wakati wa mavuno wakulima wanaung'oa na kuuanika juu ya mapaa ya nyumba, na baadaye wanaupigapiga juu ya chekecheke kutoa unga wake. Mbegu zinabaki, zinatunzwa, zinarudi shambani mwaka unaofuata. Nguvu yake ya kulevya ni ndogo ukiilinganisha na aina za kisasa. Hakuna mtaalamu aliyeukalia chini kuubuni. Ni mteremko, jua, udongo mwembamba na mikono ya watu, kizazi baada ya kizazi, kila mwaka wakirudisha ardhini mbegu ya ule uliostahimili.

Kisha zikaja chotara kutoka Ulaya. Zinatoa mavuno mengi zaidi, na mkulima maskini hawezi kulaumiwa kwa kuzipenda. Ila zinakunywa. Wenye uwezo wakachimba visima, wakajenga mabwawa, wakafunga pampu milimani, na chemchemi za majirani zikaanza kupungua. Halafu bangi ina mmea dume na mmea jike, kila mmoja peke yake, na chavua yake inasafiri na upepo. Maana yake, jirani akipanda chotara zenye madume ng'ambo ya bonde, mbegu yako inaweza kuchanganyika bila wewe kufanya kosa lolote. Kuku wa kienyeji unaweza kumfungia bandani. Upepo utaufungia wapi?

Mwaka 2021 Morocco ilipitisha sheria ya kuruhusu bangi ya dawa na ya viwanda katika mikoa mitatu ya Rif: Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate. Mavuno ya kwanza ya halali, mwaka 2023, yalikuwa tani 294. Na mbegu iliyoanza kupewa heshima hiyo ilikuwa ya kuagizwa kutoka nje! Beldia, mwenyeji wa mlima, ilingoja hadi 2024 ndipo wakulima wakaanza kupata vibali vya kuilima. Hapo ndipo niliposhika kichwa, maana ni sisi kabisa.

Sidai kila cha kienyeji ni bora. Batobato na michirizi kahawia vilipoingia kwenye mihogo yetu, aina nyingi za zamani zilikwisha shambani, na watafiti wa kituo cha kilimo cha Ukiriguru, hapa hapa jirani, wametoa aina zinazostahimili. Watu wamekula kwa sababu ya kazi ile. Lakini mtafiti naye haumbi ustahimilivu kutoka hewani. Anautafuta kwenye mbegu zilizokwishapita kwenye ukame na magonjwa. Tukiitupa ya kienyeji, hata yeye tunamnyang'anya mtaji.

Bibi yangu, kule Kwimba, alikuwa na mtama mwekundu. Mchungu, ugali wake mweusi, sisi watoto tuliukimbia. Ndege nao waliukimbia. Kwelea walishuka kwenye mtama mweupe wa majirani na kuuacha wa bibi umesimama. Kila mavuno alichagua masuke yake mwenyewe kabla mtu yeyote hajagusa shamba, akayatundika juu ya mafiga, moshi uyakaushe na kufukuza wadudu. Baadaye aliyapukuchua ndani ya kibuyu, akachanganya na majivu, akaziba mdomo kwa kinyesi cha ng'ombe. Njaa ikibisha hodi, tungeweza kugusa chochote mle ndani ila kibuyu kile.

Desemba nilikwenda kukiulizia. Kibuyu kipo, binamu yangu anahifadhia misumari. Nikazunguka kaya baada ya kaya hadi nikampata mzee mmoja mwenye mtama ule. Alinitazama kwa muda. "Wewe wa mjini, unautakia nini?" Nikamwambia ni wa bibi. Akaingia ndani, akarudi na bakuli moja, na hakutaka hela.

Mjomba ameupanda kando ya kichuguu, mbali na mtama mweupe. Juzi amenipigia simu: umeshafika magotini.