Kunawa Tunajua, Leteni Maji

Jumamosi iliyopita tuliitwa mkutano wa mtaa, pale chini ya mwembe. Ajenda: usafi wa mazingira. Mjumbe alipita nyumba kwa nyumba tangu Alhamisi, na mjumbe akikuita unakwenda, maana siku ukihitaji barua ya utambulisho ndipo utakapokumbushwa kwamba mikutano huji.

Mgeni rasmi alifika saa mbili nzima baada ya muda. Afisa, fulana nyeupe yenye maandishi mgongoni, kipaza sauti, na bango kubwa lenye picha za mikono. Akashika kipaza sauti: "Ndugu wananchi, tatizo letu kubwa ni elimu." Nikajua leo tumekwisha.

Akatufundisha kunawa. Viganja, mgongo wa kiganja, katikati ya vidole, gumba, kucha. Kisha akataka kutuonyesha kwa vitendo, akaomba maji. Kimya. Mwenyekiti akamtazama mtendaji, mtendaji akamtazama mlinzi, mlinzi akaenda kwenye bomba la pale nje akalifungua, likakohoa kile kikohozi tunachokijua wote. Siku ya nne hiyo. Basi kijana akatumwa dukani, akarudi na chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, shilingi elfu moja, na yule bwana akanawa kwa maji ya dukani mbele ya akina mama waliokuja na madumu matupu ili mkutano ukiisha wapitilize kisimani. Sabuni alikuja nayo mwenyewe, ya maji, inanukia limao. Alipomaliza, chupa ilikuwa imebaki robo.

Mama muuza maandazi, jirani yangu wa mlango wa tatu, akanyoosha mkono. "Mwanangu, kunawa tunajua. Sasa tufundishe kuyaita hayo maji."

Watu wakaangua kicheko. Afisa naye akacheka, akasema hilo ni swali zuri na atalifikisha panapohusika. Mimi sikucheka, na mpaka leo naandika hapa bado kifua kimejaa.

Kwa sababu hii "elimu" imenichosha. Nchi hii kila ugonjwa dawa yake elimu. Mabasi yakigongana, wananchi wapewe elimu. Bei ya mazao ikianguka, wakulima wapewe elimu. Na sasa mtu mzima wa Dar es Salaam anakalishwa juani kufundishwa kunawa mikono. Mimi nimelelewa na bibi ambaye sinia lake huligusi hujanawa. Mgeni akija, mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayezunguka na birika na beseni, taulo begani, anawamwagia mmoja mmoja, wakubwa kwanza. Watu wanatawadha mara tano kwa siku. Kopo la chooni unalikuta hata kwenye choo kisicho na mlango. Hawa ndio wa kuambiwa hawana elimu ya kunawa?

Tupige hesabu, maana kwenye bango hesabu haikuwepo. Familia ya watu sita. Kila mtu anawe mara tano tu kwa siku: ametoka chooni, anataka kula, amembadilisha mtoto nepi. Tuseme lita moja kila mara, kwa maji yanayotiririka kama tulivyoagizwa. Hizo ni lita 30, dumu moja na nusu. Maji yakikatika, mwenye toroli kwetu anauza dumu la lita 20 kwa shilingi 500. Kwa hiyo ni 750 kwa siku, 22,500 kwa mwezi, kwa kunawa mikono peke yake. Hujapika, hujaoga, hujafua, hujamwagia choo. Chumba cha mpangaji hapa nyuma kwetu ni elfu 45. Nusu ya kodi iishie kwenye vidole?

Sasa geuza upande wa pili. Uniti moja ya maji, yaani lita 1,000, ni madumu 50. Kwa mwenye toroli ni shilingi 25,000. Kwenye bili ya mwenye nyumba wetu uniti hiyo hiyo haifiki elfu tatu. Maskini ananunua maji kwa bei ambayo tajiri mwenye tenki la lita 5,000 hajawahi hata kuisikia, halafu tunamshangaa akichovya ncha za vidole kwenye bakuli lile lile waliochovya wenzake watano. Huyo elimu anayo, tena ya kutosha: anajua thamani ya kila kikombe kilichobaki kwenye ndoo.

Na ushahidi tunao wenyewe, hatuhitaji utafiti. Mkumbuke 2020, wakati wa Korona. Kila duka, kila genge, kila kituo cha daladala kulikuwa na ndoo ya koki juu ya kigoda, sabuni pembeni, beseni chini. Watu walinawa. Makonda walinawa! Ni kwamba tulielimika ghafla mwezi Machi na kusahau yote mwaka uliofuata? Kulikuwa na ndoo, na ndoo ilikuwa na mtu wa kuijaza. Alipoacha kujaza, tukaacha kunawa. Ndoo ya duka la Mangi wa kona kwetu sasa inahifadhia mkaa, koki yake bado ipo.

Haya, nikubali machache kabla hamjanishukia. Kazi imefanyika. Mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini imepanuliwa, visima virefu vimechimbwa Kigamboni, na Bwawa la Kidunda ambalo tulilisikia tangu tukiwa shule ya msingi hatimaye limeanza kujengwa. Lakini jiji la watu 5,383,728 kwa Sensa ya 2022 limeuegemea zaidi mto mmoja, na mwaka huo huo mvua zilipochelewa na Ruvu kupungua sote tuliona mgawo ulivyotunyoosha. Na kibuyu chirizi nakikubali kabisa, ni akili kubwa: dumu dogo, kamba, unakanyaga kijiti, maji yanadondoka kidogo kidogo, unanawa kwa tone. Ila kibuyu kikavu hakichirizi.

Ile kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani nayo naipenda, sina ugomvi nayo. Kwetu ndoo imeshuka kichwani kweli. Imepanda kwenye toroli, na toroli linalipiwa.

Shida nyingine ni kwamba tunahesabu bomba, hatuhesabu maji. Karani wa Sensa alipofika kwa shangazi yangu, nilikuwepo. Akauliza chanzo kikuu cha maji ya kunywa. Shangazi, na kanga yake mpya, akajibu bila kusita: "Bomba." Nyuma yake kulikuwa na madumu ya njano kumi na moja yamepangwa kama askari wa gwaride. Karani akayaona, mimi nikayaona, akaandika bomba. Sasa angeandika nini, kikohozi? Sera ya Maji ya 2002 yenyewe, kwa vijijini, ilisema lita 25 kwa mtu kwa siku ndani ya mita 400. Bomba la shangazi liko hatua nne kutoka mlangoni. Umbali tumefaulu.

Na bomba likikauka halikai bure likikusubiri. Presha ikiondoka, penye ufa linanyonya kilichopo nje, na mitaa yetu tunajua kilichopo nje. Ndiyo maana yakitoka saa nane usiku yanaanza kwa rangi ya chai ya rangi. Tunayakinga hivyo hivyo, wenye pampu wakivuta kwa nguvu na sisi wa mwisho wa laini tukipata uzi. Chemsheni, tunaambiwa. Kwa mkaa wa nani?

Vyoo nitaviacha kwa siku nyingine, maana nikianza sitamaliza. Nitasema moja tu: kuna nyumba mtaani kwetu ina vyumba saba na choo kimoja, gari la majitaka halipiti kwenye uchochoro wake, na kila masika kuna mtu huku juu anasubiri mvua kubwa ya usiku ili akitapishe choo chake kije kwetu. Huyo naye najua atapewa elimu. Kutozwa faini anastahili, sibishi, lakini kabla ya faini naomba mtu anionyeshe gari litakalofika mlangoni kwake kwa bei anayoiweza.

Mkutano uliisha kwa kusaini mahudhurio. Tulipewa soda. Mama muuza maandazi aliuliza kama chupa ile iliyobaki robo ina mwenyewe, akaambiwa aichukue, akaifunga kwenye upindo wa kanga.

Bango wametuachia. Wamelibandika ukutani, juu ya lile bomba. Jana jioni nimepita na mtoto wa dada yangu, ana miaka minne, akasimama kulitazama. Picha ya kwanza kabisa ni ya bomba, na maji yanamwagika mengi mpaka yanaruka pembeni.

"Mjomba," akaniuliza, "hapa ni wapi?"