Msiba wa ghorofa ya tano

Kabla hamjaziamini zile sauti za dakika nne alizorusha shoga yangu kwenye magrupu: sikuzirai, na sikumkumbatia mtu wa zimamoto. Nilimshika mkono tu. Kaeni niwasimulie mwenyewe, maana aibu ni yangu.

Mnajua nimepanga Jackson Heights, Queens, huku New York, kwenye yale majengo ya ushirika ya miaka ya 1920. Humo hakuna baba mwenye nyumba. Wakazi wana hisa za kampuni inayomiliki jengo, na bodi yao ndiyo inayoamua nani aingie. Hata mimi, niliyepangishwa tu na mwenye hisa, nilihojiwa kama naposwa: kazi wapi, nina mbwa, napiga ala gani ya muziki. Habari za samaki hawakuuliza.

Sasa njooni kwenye joto. Boila iko chini kabisa, mvuke unapanda kwa bomba moja hadi kwenye dude la chuma chini ya dirisha. Koki yake ama uifungue yote ama uifunge yote. Ukiiacha katikati maji yanakwama, bomba linagonga usiku kucha kama fundi bati. Wazee wa jengo husimulia kwamba baada ya ile homa ya mafua ya 1918 watu walihimizwa walale madirisha wazi hata kwenye theluji, ndiyo maana mitambo ikawekwa mikubwa hivyo. Basi nje barafu, ndani jasho kama Tanga mwezi wa pili. Na joto lenyewe limo kwenye kodi! Mtu wa pwani akiona joto la bure anawaza nini? Ng'onda, samaki wa kupasua na kukausha kwa chumvi.

Nikanunua changu watatu, nikawapasua, nikawalaza kwenye wavu juu ya chuma. Shangazi akanitumia sauti kutoka Tanga: "Chumvi usiionee huruma." Nikaionea. Presha, jamani. Nikafunga madirisha, nikaenda New Jersey kwa huyuhuyu shoga, siku mbili.

Nisichokijua ni kwamba kile kijimlango cha ukutani jikoni, kilichopakwa rangi juu ya rangi, nyuma yake kuna shimo. Zamani palipita kilifti cha kamba cha kupandishia vyakula na kuteremshia taka. Kilifti kilishaondolewa. Shimo lipo, linapita jikoni kwa kila aliye juu yangu.

Jumapili jioni tunarudi, shoga kanisindikiza, tunakuta gari la zimamoto mlangoni. Msimamizi wa jengo ananiambia kwa huzuni: yule mzee wa ghorofa ya tano, hajaonekana tangu Ijumaa, na harufu ndiyo hiyo. Kwetu mtu akifa hupiti mlangoni kwake ukaenda kulala. Tukapanda.

Harufu ilitupokea ndani ya lifti. Nikajiziba kwa mtandio, nikamnong'oneza shoga, "Maskini, hii siku ya pili." (Nyie mnaocheka mapema, subirini.) Kufika, watu wamejaa mbele ya mlango wake. Nikakumbuka alivyokuwa akinishikia lifti na mifuko yangu ya sokoni. Nikalia. Na mimi silii kizungu, nalia cha Chumbageni kwetu Tanga, mikono kichwani, "Jamani mzee wa watu!" Mwenyekiti wa bodi machozi yakamlenga. Mtu akaniletea maji. Mtu wa zimamoto akauchomeka mtaimbo kwenye mlango.

Mlango ukafunguka wenyewe.

Mzee, pajama za mistari, hana kifaa chake cha masikio. "Nani kafa?"

Hakuna aliyejibu. Kilio changu kikakatikia katikati, kama redio iliyoishiwa betri. Kisha nikaona pua zinaanza kufanya kazi. Ya mtu wa zimamoto. Ya mwenyekiti. Mzee akasema kwake inatokea jikoni, ukutani, toka jana. Msimamizi akafumba macho, akanusa, kidole chake kikaanza kushuka polepole kuelekea sakafuni. Nami hapo ndipo nilipovuta pumzi bila mtandio, na chini ya ule uvundo nikasikia chumvi. Kidogo.

Shoga akanigeukia. "Ni nini hicho?"

"Changu," nikasema.

"Chako?"

"Changu!"

Tukashuka ngazi msafara mzima, mimi mbele kama bibi harusi, ufunguo ukigoma kuingia. Kilichofuata sina haja ya kukirefusha: mtu wa zimamoto alitoka na wavu kaunyoosha mbali na uso, barua ya bodi nimetia saini, faini nimelipa, shimo limezibwa. Mzee tukikutana kwenye lifti hujishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, akanionyesha dole gumba.

Shangazi naye jana katuma sauti, kasikia msiba, anauliza swali moja tu: chumvi niliweka vikombe vingapi. Sijamjibu.