Chuo cha afya: mjini au kwenye hospitali ya mbali?

Matokeo ya kidato cha nne yakishatangazwa, mawakala wa vyuo vya afya huanza kupiga simu. Mzazi ambaye binti yake ana D za Kemia, Baiolojia na Fizikia anaambiwa nafasi zimebaki chache, atume hela ya fomu leo hii. Kisha zinafuata picha za WhatsApp: ghorofa, kompyuta, wanafunzi waliovaa makoti meupe. Hospitali haionekani popote. Kwangu hospitali ndiyo ya kuulizia kwanza, kwa sababu anayesomea utabibu au uuguzi hujifunza sehemu kubwa ya kazi yake akiwa kando ya kitanda cha mgonjwa.

Usajili hauna mjadala. Chuo lazima kiwe kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, na programu yenyewe iwe na idhini, maana chuo kinaweza kuruhusiwa kufundisha famasi na kisiruhusiwe utabibu. Mwongozo wa udahili wa baraza hilo unataja chuo, programu, sifa za kujiunga na idadi ya nafasi. Usomeni kabla ya kumsikiliza mtu yeyote. Ugumu unaanza pale ambapo vyuo vyote viwili ni halali: kimoja kiko Dar es Salaam au Mwanza mjini lakini hakina hospitali yake, kingine kimeshikamana na hospitali ya misheni huko Haydom, Ndanda, Kolandoto au Nkinga.

Wanaotetea chuo cha mjini wana hoja nzito. Mwanafunzi analala kwao na kula kwao, na kwa familia ya kipato cha kawaida hilo linaweza kuamua kama atamaliza miaka 3 ya stashahada au atakatisha njiani. Madaktari bingwa wengi wako mjini. Hospitali kubwa za rufaa zina mashine za CT-scan, vyumba vya watoto njiti, kliniki za figo na saratani, mambo ambayo kijana aliye pembezoni huenda akayasoma kwenye vitini tu. Halafu kuna suala la kujiendeleza. Mwenye stashahada ya utabibu anayetaka kuingia shahada ya udaktari anatakiwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) awe na GPA, yaani wastani wa ufaulu, isiyopungua 3.0, pamoja na angalau D za masomo kadhaa ya kidato cha nne, Hisabati ikiwemo. (Wengi hugundua habari ya Hisabati wakiwa wameshamaliza stashahada, na inauma.) GPA hiyo haitafutwi kirahisi mahali ambapo umeme na intaneti ni vya kubahatisha.

Lakini hospitali za rufaa za mjini hazipokei wanafunzi wa chuo kimoja. Amana, Temeke na Mwananyamala jijini Dar es Salaam utakuta sare za vyuo mbalimbali kwa wakati mmoja. Asubuhi ya raundi kitanda kinazungukwa: daktari na walio mafunzoni kwa vitendo mbele, wanafunzi wa shahada nyuma yao, na wa stashahada nyuma kabisa, wakisikia sauti bila kumwona mgonjwa. Fildi, yaani mafunzo ya hospitalini, ikiisha, lojibuku (daftari la kazi alizofanya mwanafunzi) inatakiwa iwe na saini, na saini zinapatikana hata kwa kazi ambayo mwanafunzi aliitazama tu.

Linganisha na usiku mmoja katika wodi ya wazazi ya hospitali ya misheni. Yuko muuguzi wa zamu na wanafunzi wawili. Mama mwenye uchungu akipokelewa, mwanafunzi ndiye anayefungua patografu, chati ya kufuatilia uchungu. Kila nusu saa anahesabu mapigo ya moyo wa mtoto kwa fetoskopu na kuweka nukta, akijua yanatakiwa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Kila baada ya saa 4 muuguzi anapima njia imefunguka kiasi gani, na mwanafunzi anachora huku akielezwa. Mchoro ukivuka mstari wa tahadhari, ishara kwamba uchungu unakwenda polepole mno, yeye ndiye anayetumwa kumwamsha daktari. Hilo halifundishiki kwa sanamu ya plastiki.

Nako kuna kasoro zake, na ni vibaya kuzificha. Watumishi wakiwa wachache, mwanafunzi hugeuzwa nguvu kazi: anasukuma machela, anazibia zamu, anakosa vipindi. Mgonjwa aliyezidiwa anapewa rufaa, ambulansi inaondoka, na mwanafunzi hajui aliishia wapi.

Hata hivyo, kwa utabibu na kwa uuguzi na ukunga naegemea upande wa hospitali ya mbali. Wahitimu wengi wa kada hizi wanakwenda kwenye zahanati na vituo vya afya, ambako usiku tabibu anaweza kuwa peke yake, bila bingwa wa kumwita. Asichokishika kwa mikono yake akiwa chuoni atakijaribia kwa mgonjwa wake wa kwanza. Kwa famasi na maabara sina msimamo huo. Mwanafunzi wa maabara anahitaji darubini za kutosha na mashine zinazofanya kazi, na mara nyingi hivyo viko mjini.

Kuhusu fedha, vyuo vya serikali vina nafuu ya ada, ndiyo maana vinagombaniwa. Maombi yake hupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET. Vyuo binafsi vingi hutoza zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka, na juu ya ada kuna sare, mitihani ya wizara na gharama za fildi. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inawapokea pia waombaji wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwa mojawapo. Mzazi anayekikataa chuo cha mbali kwa ajili ya bweni na nauli aombe mkopo kwanza.

Kabla ya kulipa chochote, tafuteni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo hicho mzungumze naye bila wakala kuwepo. Muulizeni fildi iliyopita alipelekwa hospitali gani, walikuwa wangapi wodini, na nani alimsainia lojibuku. Akiweza kumtaja muuguzi aliyemsimamia alipoweka kanula (mrija wa dripu kwenye mshipa) kwa mara ya kwanza, fungeni safari mkakione chuo hicho. Akisema walisainiwa wote kwa mpigo siku ya mwisho, endeleeni kutafuta.