Kilo Zinazopotea Kiangazi

Novemba iliyopita nilimsindikiza baba mdogo mnadani Msalato, Dodoma, Jumamosi, na dume lake jekundu la ng'ombe. Mbavu za yule dume ungeweza kuzihesabu ukiwa nje ya uzio. Mnunuzi alimzunguka mara moja, akamminya nyuma ya nundu, akataja bei. Mzani haukuwepo, bei ni ya macho. Baba mdogo alinyamaza kidogo kisha akakubali, kwa sababu nyumbani debe la mwisho la mtama lilikuwa limeshaguswa na mbegu za msimu zilikuwa bado dukani. Dume huyohuyo mwezi wa Juni mgongo ulikuwa umejaa, manyoya yanang'aa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiziwaza zile kilo.

Sisi wa Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mara nyingi hazifiki milimita 600. Majani yakiwa mabichi ng'ombe ananenepa mwenyewe. Ikifika Agosti nyika imekauka, safari ya kwenda lambo inarefuka, na mwili alioujenga masika anaanza kuula. Mvua zikirudi anaanza upya. Kwa hiyo kilo zilezile tunazijenga mara tatu, mara nne, na dume anafika uzito wa kuchinjwa akiwa na miaka mitano au zaidi. Miaka yote hiyo ni maji, dawa za kupe na miguu ya mtoto anayechunga.

Huko duniani kuna ubishi mkubwa kuhusu ng'ombe. Mwaka 2013 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikadiria kwamba ufugaji unachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu, na sehemu kubwa ni methani ambayo ng'ombe, mbuzi na kondoo huitoa wanapocheua. Tena karibu theluthi moja ya nafaka yote inayovunwa duniani inalishwa mifugo. Mtu akisikia hayo ni rahisi aseme ng'ombe ndiye anayewanyima watu chakula. Kwetu hapana. Ng'ombe wa Kigogo hamnyang'anyi mtu ugali. Anakula nyasi za nyikani, maganda ya migunga na mabua ya uwele, vitu ambavyo tumbo la mtu haliwezi, anavigeuza kuwa maziwa, nyama na samadi. Huo ni mchango wa kweli katika chakula cha dunia, na nitautetea popote.

Lakini hesabu ya methani inatugusa na sisi, tuikubali. Ng'ombe anayecheua miaka mitano kutoa nyama ambayo angeitoa kwa mitatu ametoa gesi nyingi zaidi kwa kila kilo. Kinachomkondesha baba mdogo mfukoni ndicho hichohicho kinachoichafua hewa, nacho ni njaa ya kiangazi.

Na chakula cha kiangazi tunacho, tunakitupa. Baada ya mavuno mabua yanabaki shambani yamelala, mchwa wanayaanza kwa chini, mifugo inayopita inayakanyaga, na Oktoba watu wakiberega, yaani wakisafisha mashamba kabla ya kupanda, yaliyobaki yanachomwa. Wiki chache baadaye mtu huyohuyo anatafuta hela ya kununua majani. Mwaka jana jirani yetu mmoja alifanya jambo ambalo wengi tulilipuuza: alijenga kichanja cha nguzo za mkole, urefu wa kifua, akayakata mabua yakiwa bado na ukijani kidogo mara tu baada ya kuvuna, akayapanga juu na kuyaezeka. Novemba nilichomoa bua moja pale. Lilikuwa na harufu tamu ya shamba, majani yake hayajapukutika. Alikuwa anayakatakata kwa panga, ananyunyizia maji ya chumvi, anachanganya na konzi chache za mashudu. Ng'ombe wake wawili wa maziwa hawakukauka.

Hayo mashudu nayo yananiumiza roho. Dodoma na Singida ndiko alizeti ya nchi hii inakolimwa kwa wingi, mafuta yanakamuliwa hapahapa, na magunia ya mashudu yanapakiwa kwenye malori, mengine hadi Kenya. Sisi tunayaulizia bei ikiwa imeshapanda.

Mwaka 1979 mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, uliiondoa mifugo yote kwenye maeneo ya Kondoa yaliyomomonyoka. Uoto ulirudi, hilo halina ubishi, lakini kaya ziliamka asubuhi zikiwa hazina maziwa, na baadaye ng'ombe waliruhusiwa kurudi wakifungiwa bandani na kukatiwa majani. Ndiyo maana nikisikia mtu anasimama kumwambia mfugaji "punguza mifugo" kisha anaondoka, nakasirika. Huyu ni mjukuu wa watu walioiona Mtunya, njaa ile iliyoanza wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Zizi ndiyo akiba yake, ndiyo mahari ya mwanawe, ndiyo matibabu ya mkewe. Hawezi kulipunguza kwa kuhubiriwa. Atauza mapema akiona bei ya Julai inampa zaidi ya ile ya Novemba, na hilo ataliona kukiwa na mzani mnadani. Mizani iwekwe na itumike kila mnada. Hapo ndipo ningetaka fedha za serikali zianzie, kabla ya semina yoyote.

Sisi nyumbani tumeanza. Juni hii tumekata mabua ya ekari tatu, kichanja kimejaa hadi tukaongeza kingine pembeni ya tembe la bibi. Baba mdogo ameshawatenga madume wawili wa kwenda Msalato kabla ya mwezi wa nane. Jana jioni alikuwa anampapasa mmoja wao nyuma ya nundu, palepale alipominya yule mnunuzi, na safari hii vidole vilizama kwenye nyama.